Mvua ikiisha, hesabu ya magonjwa ndiyo inaanza

Wiki iliyopita mama mmoja aliingia chumbani mwangu kliniki akipangusa matope kwenye viatu. Aliniambia kwa furaha, "Daktari, sasa tumepumua. Mvua imeisha, na magonjwa yake yataenda nayo." Mtoto wake hakuwa na tatizo kubwa, ila kidonda cha mguuni tu. Nilimhudumia, lakini kabla hajaondoka nilimwomba aketi tena, nikamweleza haya ninayokuandikia leo.

Ndugu msomaji, Mei inakwisha na masika yanaelekea ukingoni katika sehemu nyingi za Kenya. Wengi wetu huhesabu hatari kwa matone: mvua ikinyesha, tunaogopa, ikikatika, tunakunja neti na kuiweka kabatini. Mwili wa mtoto wako hauhesabu hivyo. Yapo magonjwa yanayofika saa chache baada ya mafuriko, yapo yanayofika wiki mbili baadaye, na yapo yanayobisha hodi mwezi mzima au miwili baada ya anga kutakata. Mzazi anayejua hesabu hizo hushtuka mapema.

Kwa nini mvua yetu huja mara mbili

Nchi yetu imekatwa na ikweta. Mstari huo unapita Nanyuki na Maseno. Kwa hiyo hatuna majira manne kama ya Ulaya. Mwaka wetu hupimwa zaidi kwa mvua kuliko kwa joto. Jua la utosi hupita juu ya ikweta mara mbili kwa mwaka, karibu Machi 21 na tena karibu Septemba 23. Ukanda wa mawingu ya mvua hulifuata jua hilo, lakini huchelewa wiki kadhaa. Ndiyo maana Nairobi hupata mvua nyingi zaidi mwezi wa Aprili, kisha tena Novemba. Ya kwanza ni masika, kuanzia Machi hadi Mei. Ya pili ni vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba.

Hata hivyo, nchi ni moja lakini mvua si moja. Pwani, ambako wazee hupima mwaka kwa kaskazi na kusi, masika hufikia kilele Mei. Kakamega, Kericho na Kitale mvua huendelea hadi Agosti, kwa sababu hewa yenye unyevu huingia kutoka upande wa Kongo. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali Lodwar hupata takriban 200 tu. Kwa hiyo jirani yako aliyehamia kutoka Turkana na yule aliyetoka Busia hawakulelewa na kalenda moja ya magonjwa. Unapopokea ushauri wa shangazi kwa simu, kumbuka anazungumzia mvua ya kwao.

Kutoka dimbwi hadi homa

Tuanze na malaria, kwa sababu ndiyo inayotudanganya zaidi.

Mvua kubwa haiongezi mbu papo hapo. Mara nyingi husomba mayai na viluwiluwi vyao. Mbu wa malaria hupenda maji madogo yaliyotulia yanayopigwa na jua: alama ya kwato za ng'ombe, mfereji ulioachwa na tairi la tingatinga, shimo la kufinyangia matofali. Maji ya namna hiyo hubaki kwa wingi mvua inapopungua.

Sasa tuhesabu pamoja. Yai la mbu huchukua takriban wiki moja hadi mbili kuwa mbu anayeruka. Mbu huyo akimuuma mtu mwenye vimelea vya malaria, vimelea hivyo huhitaji siku kumi au zaidi kukomaa ndani yake kabla ya yeye kuweza kumwambukiza mwingine. Kukiwa na baridi huchukua muda mrefu zaidi. Akimuuma mtoto wako, homa kwa kawaida huanza siku 10 hadi 15 baadaye. Jumlisha. Dimbwi la mwisho wa Aprili linaweza kuleta homa ya Juni, na mbu wa kizazi cha kwanza huzaa wengine, wagonjwa wa kwanza huambukiza mbu zaidi. Ndiyo sababu katika nyanda za juu za magharibi, kama Kisii, Nyamira, Nandi na Kericho, mlipuko wa malaria huja kati ya Mei na Agosti, mara nyingi watu wakiwa wamevaa masweta na kulaumu baridi.

Nayajua haya kwa sababu niliwahi kukosea.

Nilikuwa daktari mchanga, nimetumwa hospitali moja ya nyanda za juu. Ilikuwa Julai, asubuhi ya ukungu, na foleni ilifika langoni. Mama alimleta mvulana wa miaka minne: joto kiasi, pua inachuruzika, amechoka. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki kadhaa. Nilisikiliza kifua, kikawa safi. Nikaandika mafua, nikampa dawa ya kushusha homa. Sikuagiza damu ipimwe. Maabara ilikuwa na foleni yake, nami nilijiambia kwamba msimu wa malaria umepita.

Usiku wa pili waliletwa tena kwa gari la kubeba majani chai. Mtoto alikuwa amefungwa kwa leso, anatingishika kwa degedege, viganja vyake vyeupe kama karatasi. Safari hii damu ilipimwa, na ilikuwa imejaa vimelea. Aliongezewa damu usiku huo huo, na siku ya nne akafumbua macho na kuomba uji. Alipona. Mama yake hakunilaumu kwa neno lolote, na hilo liliniuma kuliko lawama. Aliniuliza tu, "Daktari, kwani mbu hawakuisha na mvua?" Swali hilo nilistahili kulijibu siku mbili mapema.

Asubuhi yake muuguzi mkuu wa wodi, mama mtu mzima aliyekuwa pale kabla sijamaliza shule ya msingi, alinivuta kando. "Daktari, hapa kwetu malaria hatuihesabu kwa mvua. Ukiona watu wameanza kuchoma mahindi mabichi, tandika vitanda." Tangu siku hiyo sijamruhusu mtoto mwenye homa kutoka eneo la malaria aende nyumbani bila kupimwa, hata kama jua linawaka nje.

Unachopaswa kufanya sasa hivi

Kama unaishi kando ya Ziwa Victoria au Pwani, malaria ipo mwaka mzima, nayo huongezeka baada ya mvua. Kama unaishi nyanda za juu za magharibi, hii ndiyo miezi yako ya hatari. Na kwa kuwa watu wa huko hawaumwi mara kwa mara, miili yao haijazoea, hata mtu mzima anaweza kulemewa. Kaskazini na maeneo makavu ya kusini mashariki malaria hutokea kwa vipindi, hasa baada ya mafuriko. Nairobi na sehemu nyingi za Mlima Kenya hatari ni ndogo.

Neti yenye dawa isitolewe kitandani mvua inapokatika. Ishone ikitoboka, na ichomekwe vizuri chini ya godoro. Mama mjamzito wa maeneo ya ziwa na Pwani aulize kliniki kuhusu dawa ya kumkinga na malaria. Kama una mtoto mchanga katika kaunti zinazotoa chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa nchini Septemba 2019 Homa Bay, mpeleke. Ni dozi nne, na ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi sita. Wazazi wengi huleta watoto kwa dozi za mwanzo na kusahau ya mwisho. Chanjo hupunguza malaria kali lakini haiondoi hatari yote, kwa hiyo neti ibaki pale pale.

Mtoto akipata homa, apimwe ndani ya saa 24. Kipimo cha haraka ni tone la damu ya kidole na dakika kama 15 za kungoja. Hata wahudumu wa afya wa jamii katika maeneo mengi ya malaria wanacho. Kikionyesha malaria, dawa ya AL hunywewa mara sita kwa siku tatu, pamoja na chakula au maziwa, hadi imalizike hata kama homa imeshuka siku ya pili. Kikionyesha hakuna malaria, usimnunulie dawa ya malaria dukani "kwa tahadhari". Homa hiyo ina chanzo kingine, nacho kinahitaji kutafutwa.

Na neno moja kwa wazazi wa Nairobi, Nakuru na Nyeri. Agosti shule zikifungwa, watoto wengi huenda kwa nyanya na babu: Siaya, Busia, Kilifi, Kisii. Mtoto aliyekulia mjini hana kinga yoyote ya malaria. Mpe neti asafiri nayo. Akirudi na kupata homa wiki ya pili au ya tatu, hata mwezi mmoja baadaye, mwambie daktari kwamba alisafiri, na alikuwa wapi. Usingoje aulize. Daktari wa mjini akiona pua inayochuruzika anaweza kufikiri kama nilivyofikiri mimi.

Magonjwa yasiyongoja

Tofauti na malaria, magonjwa ya kuhara huwahi. Mafuriko yanapoingia vyooni na visimani, maji ya kunywa huchanganyika na kinyesi. Kipindupindu kinaweza kuanza saa chache tu baada ya kunywa maji machafu, au siku mbili hadi tano baadaye. Mwaka 2024 masika yalileta mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini na kuwaacha maelfu bila makao. Wengi wenu mnakumbuka picha za Mai Mahiu na Mathare. Katika hali kama hiyo, mtu akinusurika maji bado ana hatari ya kile atakachokunywa kesho yake.

Hivyo basi, hata kama mvua imekatika wiki hii, kisima kilichofurika bado ni kichafu. Chemsha maji hadi yatokote sawasawa, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa na ungoje nusu saa kabla ya kunywa. Osha mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kumlisha mtoto. Hakikisha mtoto amepata chanjo ya rotavirusi, ambayo imekuwa ikitolewa nchini tangu 2014.

Mtoto akianza kuhara, kinachoua ni kukaukiwa na maji mwilini. Changanya pakiti ya ORS na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa. Ukiikosa, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, si vya mlima. Mpe aliye chini ya miaka miwili robo hadi nusu kikombe kila anapohara. Mkubwa zaidi apewe nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha uendelee polepole kwa kijiko. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Zahanati itakupa pia vidonge vya zinki, avitumie kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Lakini kama anahara maji mengi kama ya mchele uliooshwa, macho yamezama, au hawezi kunywa, usimtibu nyumbani. Mpe maji hayo njiani mkielekea hospitali.

Baridi ya Juni na Julai

Baada ya masika ndipo huja kipupwe, na mbele yetu kuna miezi miwili au mitatu ya baridi, hasa Nairobi, Limuru, Nyandarua na sehemu zote za miinuko. Baridi yenyewe haizai nimonia. Inayoileta ni mkusanyiko: madirisha yamefungwa, watu wengi chumba kimoja, moshi wa jiko, na vijidudu vinavyopita kutoka pua moja hadi nyingine.

Kuna kipimo ambacho mzazi yeyote mwenye simu anaweza kukifanya. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua na uhesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifikia pumzi 60 au zaidi, wa miezi miwili hadi 11 akifikia 50, na wa mwaka mmoja hadi mitano akifikia 40, hiyo ni kasi ya hatari. Mbavu za chini zikibonyea ndani anapovuta hewa, hali ni mbaya zaidi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dawa ya kikohozi ya dukani haitibu nimonia.

Na tafadhali, jiko la makaa lisilale ndani na watu. Kila mwaka katika miezi hii familia hukutwa asubuhi zimekufa zikiwa zimelala. Gesi ya makaa haina rangi wala harufu, na humpumbaza mtu kabla hajajua kuna shida. Mkiamka na kichwa kizito na kichefuchefu nyote kwa pamoja, tokeni nje kwanza, kisha nendeni hospitali. Mtoto apashwe joto kwa nguo, kofia, soksi na mwili wa mama.

Vuli inapozidi, na mvua inapokosa kuja

Hesabu hii ya kuchelewa haikomei kwa masika. Bahari ya Pasifiki inapopata joto lisilo la kawaida, hali tunayoiita El Niño, vuli yetu mara nyingi huzidi kipimo. Ndivyo ilivyokuwa mwisho wa 1997, na baada ya mafuriko hayo Homa ya Bonde la Ufa ilizuka kaskazini mashariki. Ikarudi mwisho wa 2006, Garissa na kwingineko. Mayai ya mbu wanaoeneza ugonjwa huo yanaweza kukaa kwenye udongo mkavu kwa miaka, yakisubiri maji. Dalili ya kwanza huonekana zizini: kondoo, mbuzi na ng'ombe hutoa mimba kwa wingi, na vichanga hufa. Ukiona hivyo baada ya mafuriko, usichinje, usiguse damu kwa mikono mitupu, usinywe maziwa mabichi. Mwite afisa wa mifugo.

Mvua inapokosa kuja, madhara nayo huchelewa. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo iliharibika katika kaunti kavu za kaskazini na mashariki. Kwanza nyasi hukauka, kisha maziwa hupungua, kisha mifugo hufa. Mtoto hukonda mwisho. Mhudumu wa afya ana utepe wa rangi wa kupima mkono wa juu wa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali unaohitaji matibabu mara moja. Ukiishi maeneo hayo, usisubiri uone mbavu. Omba mtoto apimwe kila mwezi msimu ukiharibika.

Kalenda ya ukutani

Ninakuomba ufanye jambo moja jioni ya leo. Chukua kalenda, ile uliyopewa dukani au kanisani au msikitini. Weka alama siku mvua ilipopungua kwenu. Kuanzia alama hiyo, hesabu wiki nane na uandike: "Neti. Homa apimwe." Juni hadi Agosti andika: "Hesabu pumzi. Jiko nje." Agosti, kama watoto wanasafiri, andika tarehe ya kurudi na wiki nne zinazofuata. Mwezi Septemba sikiliza Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ikitangaza vuli itakuwaje, kisha uanze ukurasa mpya.

Pamoja na kalenda hiyo, kumbuka dalili hizi zisizongoja asubuhi, msimu wowote: mtoto hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au ni vigumu kumwamsha, viganja vimekuwa vyeupe, anapumua kwa shida, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi. Ukiona hata moja, mwamshe jirani mwenye gari au piga simu kwa boda boda. Nakuhakikishia, hakuna daktari mwenye akili timamu atakayekucheka kwa kuwahi.

Yule mama wa kidonda cha mguuni alinisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Kumbe neti niliyoikunja jana niitandike tena?" Ndiyo, mama. Leo hii.